RTX 4060 na RTX 4070 za laptopu: tazama wati kabla ya kutazama jina

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mtu anapotafuta laptopu ya kuchezea gemu, swali linalomsumbua mara nyingi ni hili: aongeze fedha achukue yenye kadi ya picha ya RTX 4070, au RTX 4060 inamtosha? Majibu mengi anayopewa yanatazama jina tu, kwamba 70 ni kubwa kuliko 60, kwa hiyo mwenye uwezo achukue 70. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu jibu hilo linawatia watu hasara. Kwenye laptopu, kadi hizi mbili zimekaribiana kuliko majina yake yanavyoonyesha, na mara nyingi kinachoamua ipi itatoa fremu nyingi zaidi (picha zinazochorwa kila sekunde) ni kiasi cha wati ambacho mtengenezaji wa laptopu ameiruhusu kadi itumie. RTX 4060 iliyopewa umeme wa kutosha inaweza kuipita RTX 4070 iliyobanwa, na jambo hilo linaonekana hata kwenye takwimu za NVIDIA wenyewe, wanaobuni kadi hizi, kabla hujawasha gemu yoyote.

Tuanze na kilichomo ndani. Kadi zote mbili ziliingia sokoni Februari 2023, zote ni za usanifu wa Ada Lovelace, na chipu zake zinatengenezwa na kampuni ya TSMC. RTX 4060 ya laptopu inatumia chipu ya AD107 yenye transista bilioni 18.9, na ina viini 3,072 vya CUDA, yaani vitengo vidogo vinavyofanya hesabu za picha. RTX 4070 ya laptopu inatumia chipu ya AD106 yenye transista bilioni 22.9, na ina viini 4,608. Maana yake ni kwamba 4070 imeizidi mwenzake kwa nusu nzima ya viini, na hapo ndipo matumaini ya wanunuzi yanapoanzia. Ukiendelea kusoma, hata hivyo, tofauti zinakoma ghafla. Zote zina GB 8 za kumbukumbu aina ya GDDR6. Zote zina njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 128, inayopitisha hadi GB 256 za data kwa sekunde. Zote zimepangiwa umeme wa kati ya wati 35 na wati 115, na zote zinaweza kuongezewa hadi wati 25 kwa utaratibu wa Dynamic Boost, ambao huchukua umeme usiotumiwa na prosesa na kuupeleka kwenye kadi. Ni sawa na kuongeza wapishi jikoni kwa nusu nzima huku mlango wa stoo, ukubwa wa stoo yenyewe na kuni za siku vikibaki vile vile.

Kuna jambo la majina ambalo ni lazima liwekwe wazi mapema, maana linawachanganya hata watu wazoefu. RTX 4070 ya kompyuta ya mezani ni kadi nyingine kabisa: inatumia chipu ya AD104, ina viini 5,888, ina GB 12 za GDDR6X, njia yake ya kumbukumbu ni biti 192, na inakula wati 200. Ukitaka ndugu wa karibu wa RTX 4070 ya laptopu upande wa mezani, utamkuta kwenye RTX 4060 Ti, inayotumia chipu hiyo hiyo ya AD106 na njia ya biti 128. RTX 4060 kwa upande wake imebaki mwaminifu kwa jina lake, kwa sababu ya laptopu na ya mezani zote zina AD107, viini 3,072 na GB 8. Kwa hiyo mtu anayetazama video ya majaribio ya RTX 4070 ya mezani kisha akatarajia matokeo yale yale kwenye laptopu, anatarajia kazi ya kadi ambayo hataipata. Binafsi ningependa majina hayo yatenganishwe kabisa, kwa sababu mnunuzi wa kawaida hana sababu ya kujua namba za chipu ili asipotee.

Sasa tuingie kwenye wati, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha uzi huu.

NVIDIA hawauzi kadi ya laptopu ikiwa na kiwango kimoja cha umeme. Wanatoa chipu pamoja na wigo, halafu mtengenezaji wa laptopu anachagua mahali pa kusimama ndani ya wigo huo kulingana na unene wa mashine, ukubwa wa feni, chaja na aina ya mteja anayemlenga. Zamani kulikuwa na alama ya Max-Q iliyoambatana na jina la kadi, na angalau mtu aliiona akajua kwamba hiyo ni ya wati chache. Alama hiyo iliacha kutumika kama sehemu ya jina tangu kizazi cha RTX 30 kilipoingia kwenye laptopu mwaka 2021. Matokeo yake ni kwamba laptopu mbili zinaweza kubandikwa stika moja ya RTX 4070 ilhali moja inapewa wati 40 na nyingine inafika wati 140. Huu si mfano wa kubuni. Dell XPS 15 ya mwaka 2023, ile ya namba 9530, ilitoka na RTX 4070 ya wati 40, wakati Lenovo Legion Pro 5 ya kizazi hicho hicho iliiruhusu RTX 4060 ifike wati 140 pamoja na nyongeza. XPS ni mashine nyembamba iliyolenga watu wa kuhariri picha na video, na kwa kazi hiyo uamuzi wao unaeleweka. Lakini mchezaji wa gemu anayelinganisha mashine hizo mbili kwa jina la kadi peke yake atanunua kinyume cha anachokitaka.

Chukua kasi za viini ambazo NVIDIA wameziandika rasmi. Kwa RTX 4060 ya laptopu, kasi ya juu inaanzia megahezi 1,470 kwenye mashine za wati chache hadi megahezi 2,370 kwenye mashine za wati nyingi. Kwa RTX 4070 ni kuanzia megahezi 1,230 hadi 2,175. Ukizidisha idadi ya viini kwa kasi, kisha mara mbili kwa kuwa kila kiini kinaweza kufanya hesabu mbili kwa pigo moja, unapata uwezo wa kinadharia. RTX 4060 inatoka takriban teraflopu (trilioni za hesabu kwa sekunde) 9 hadi 14.6. RTX 4070 inatoka takriban 11.3 hadi 20. Zitazame hizo namba kwa makini. 4070 iliyo chini kabisa ya wigo wake ina 11.3, na 4060 iliyo juu ya wigo wake ina 14.6. Yaani kadi yenye jina dogo inaipita yenye jina kubwa kwa zaidi ya robo, na hilo linatokea ndani ya takwimu za mtengenezaji mmoja, bila hila ya mtu yeyote.

Namba hizo hizo zinatufundisha jambo la pili. Zikiwekwa zote juu kabisa, 4070 inaongoza kwa takriban asilimia 38 kwenye karatasi, ingawa viini vimezidi kwa asilimia 50. Sehemu ya faida ya viini imeshaliwa na kasi ndogo, kwa sababu bajeti ya wati haikuongezeka. Ukiingia kwenye gemu zenyewe, pengo linapungua tena. Kwa wati zilizo sawa, majaribio mengi yanaonyesha 4070 ikiwa mbele kwa kati ya asilimia 10 na 20, chini zaidi kwenye skrini ya pikseli 1920×1080 na juu zaidi kwenye rezolusheni kubwa, yaani yenye pikseli nyingi zaidi. Fremu 80 zinakuwa 90 na kidogo. Ni tofauti halisi, na anayetaka kila fremu ataifurahia, lakini haifanani na hatua ya daraja zima ambayo bei huwa inadai.

Kwa nini karatasi iseme asilimia 38 halafu gemu iseme 15? Sababu kubwa ni njia ya kumbukumbu. GB 256 kwa sekunde zikigawanywa kwa viini 3,072, kila kiini kinapata fungu lake; zikigawanywa kwa viini 4,608, fungu hilo linapungua kwa theluthi moja. Usanifu wa Ada ulipanua sana kache ya ngazi ya pili, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya chipu yenyewe, ukilinganisha na kizazi kilichotangulia, na kache hiyo inasaidia kwa sababu data inayotumika mara kwa mara haihitaji kufuatwa mbali. Lakini kuna kazi za gemu, kama vile kuchanganya vivuli, moshi na mwanga juu ya picha nzima, ambazo zinasoma na kuandika data nyingi mfululizo, na hapo viini vya ziada vya 4070 vinabaki vikisubiri.

Upo pia ukuta wa volteji, ambao wengi hawaufahamu. Umeme unaotumiwa na chipu unapanda sawia na kasi, lakini unapanda kwa mraba wa volteji, na kasi ya juu inadai volteji ya juu. Ndiyo maana wati za mwisho ni za gharama kubwa na matunda yake ni madogo. Kwenye kadi hizi NVIDIA wameweka kikomo cha volteji ambacho 4060 inakifikia mapema. Mashine imeandikwa wati 140, lakini kwenye gemu nyingi kadi inaelea karibu na wati 100 na haiendi mbele, kwa sababu imegota kwenye kikomo cha volteji kabla ya kumaliza ruhusa yake ya wati. Ukifungua programu ya GPU-Z na kutazama mstari wa PerfCap Reason wakati gemu inaendelea, utaona neno VRel likisimama hapo, maana yake volteji ndiyo inayozuia. Likitokea neno Pwr, kadi imefikia mwisho wa wati ilizopewa. Likitokea Thrm, joto ndilo limeibana. Mstari huo mmoja una faida kubwa, kwa sababu unakuambia tatizo la mashine yako liko wapi: mwenye VRel hana cha kupata kwa kuongeza wati, mwenye Pwr ana mashine iliyobanwa na mtengenezaji au hali ya utendaji ambayo haijabadilishwa, na mwenye Thrm asafishe feni na matundu ya hewa kwanza.

Kutokana na hilo, mnunuzi wa 4060 hana sababu ya kuhangaikia wati 140. Mashine ya wati 100 yenye upoozaji mzuri itampa karibu kila kitu ambacho kadi hiyo inaweza kutoa. Kwa 4070 hali ni tofauti kidogo, kwa sababu viini ni vingi na vinahitaji umeme zaidi kabla ya kugota. Kuishusha chini sana ndiko kunakoiumiza.

Hapo hapo naomba nitoe haki kwa 4070, maana ina hoja moja nzuri ambayo haisemwi vya kutosha. Kwa wati zile zile chache, tuseme 70 au 80, chipu pana yenye viini vingi inafanya kazi ikiwa na kasi ndogo na volteji ndogo, na inapata fremu nyingi kwa kila wati kuliko chipu nyembamba inayosukumwa kwa nguvu. Mtu anayefunga fremu zake zisizidi 60 au 90 na anayetaka laptopu itulie, feni zisipige kelele na sehemu ya kibodi isichome vidole, atanufaika na 4070 hata kama namba ya juu kabisa ya fremu haimhusu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu bora ya kuilipia, kuliko asilimia 15 zinazotangazwa. Ila sharti linabaki lile lile: ulinganisho uwe wa wati sawa. Ukilinganisha 4070 ya wati 40 na 4060 ya wati 100, ufanisi huo hauwezi kuziba pengo.

Tuje kwenye skrini. Laptopu nyingi za kundi hili zinakuja na skrini ya 1920×1080 au 1920×1200, au ile ya 2560×1600. Ya kwanza ina pikseli milioni 2.07 na ya mwisho ina pikseli milioni 4.1, yaani karibu mara mbili. Kwenye 1080 gemu nyingi zinakabwa na prosesa kabla kadi haijachoka, hasa zile za ushindani. Counter-Strike 2 ni mfano mzuri: ukishusha mipangilio ili upate fremu nyingi, kadi inabaki na nafasi, na prosesa ndiyo inayohesabu bila kupumzika. Kwa mchezaji wa namna hiyo, kuongeza fedha kwa ajili ya 4070 ni kutupa. Afadhali azipeleke kwenye prosesa bora, RAM mbili badala ya moja ili prosesa isome kwa njia mbili kwa pamoja, na skrini yenye hezi nyingi, yaani inayobadilisha picha mara nyingi kwa sekunde. Kwenye 2560×1600 mzigo unahamia kwenye kadi, na hapo viini vya ziada vya 4070 vinaanza kuonekana, hasa kwenye gemu za dunia pana zenye picha nzito kama Cyberpunk 2077 au Red Dead Redemption 2.

Lakini rezolusheni ikipanda, tatizo jingine linaingia, na ndilo linalonifanya niwe mgumu kuipendekeza 4070 kwa mtu anayetaka mashine ya kukaa nayo miaka mingi. Ni kumbukumbu ya kadi, yaani VRAM. Zote zina GB 8. Hakuna wati, hakuna feni, na hakuna mipangilio ya volteji itakayoongeza hata GB moja.

VRAM ikijaa, gemu haipungui kasi kwa upole. Tekscha, yaani picha zinazovalishwa juu ya kuta na vitu vya gemu, zisizopata nafasi zinahamishiwa kwenye RAM ya kompyuta, na kila zinapohitajika lazima zivutwe kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta, ambayo ni nyembamba mno ukilinganisha na GB 256 kwa sekunde za kumbukumbu ya kadi. Unachokiona kwenye skrini ni mshtuko: wastani wa fremu bado unaonekana mzuri, labda 70, lakini ukigeuka ghafla kwenye kona ya barabara picha inasita, halafu inaendelea. Wakati mwingine gemu inaficha tatizo kwa kuweka tekscha hafifu, na ukuta ambao ungepaswa kuwa na nyufa za mawe unabaki umevutikavutika kama umepakwa tope. The Last of Us Part I ilipotoka kwenye kompyuta Machi 2023 iliwafanya wengi wenye kadi za GB 8 waione shida hiyo kwa mara ya kwanza, ingawa marekebisho yaliyofuata yaliipunguza. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 ilikwenda mbali zaidi: inadai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing) na GB 8 za VRAM kama kiwango cha chini kabisa, na mwenye GB 8 analazimika kushusha ukubwa wa hifadhi ya tekscha kwenye mipangilio ili icheze vizuri. Katika hali hiyo 4060 na 4070 zinasimama mstari mmoja. Viini 1,536 vya ziada havina la kufanya.

Uchungu wake ni kwamba 4070 ina nguvu ya kuendesha mipangilio ambayo kumbukumbu yake haiwezi kuibeba. Ufuatiliaji wa miale unaongeza data ya miundo ya mandhari ndani ya VRAM. Uzalishaji wa fremu wa DLSS, teknolojia ya NVIDIA inayotumia akili mnemba kukuza picha na kutengeneza fremu za ziada, nao unachukua nafasi yake. Ukiwasha vyote kwa rezolusheni ya 2560×1600 na tekscha za juu kabisa, unaweza kukuta 4070 imepoteza uongozi wake wote. Mwenye 4060 amekuwa akishusha mipangilio hiyo tangu mwanzo, na hivyo hakutani na ukuta huo mara kwa mara.

Kuhusu DLSS sitakaa sana, kwa sababu haizitenganishi kadi hizi. Zote zinapata ukuzaji wa picha, zote zinapata uzalishaji wa fremu ulioanza na kizazi cha RTX 40, na zote zilifaidika na mfumo mpya wa picha uliokuja na DLSS 4 mwaka 2025, ambao umepunguza ukungu na vivuli vya ajabu vilivyokuwa vikifuata vitu vinavyokimbia. Uzalishaji wa fremu nyingi kwa mpigo umebaki kwa kizazi cha RTX 50. La kuzingatia ni kwamba fremu zinazozalishwa zinalainisha picha bila kuharakisha mikono yako. Gemu inayoendeshwa kwa fremu 30 halisi, ambapo kila fremu inachukua milisekunde 33, itaonekana laini ikifikishwa karibu na 60 lakini itaitikia kwa uzito ule ule wa 30, au zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mchoro unaosema 4070 inatoa fremu 120, muulize kwanza ngapi kati ya hizo ni halisi.

Yapo mambo mawili ya laptopu yenyewe yanayoweza kufuta tofauti yote ya kadi. La kwanza ni swichi ya MUX. Bila hiyo, kila fremu inayotengenezwa na kadi inapitishwa kwenye kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa ndipo ifike kwenye skrini, na njia hiyo inapunguza fremu, hasa pale zinapokuwa nyingi. Yenye MUX inaunganisha kadi na skrini moja kwa moja. Zenye Advanced Optimus zinafanya hivyo bila hata kuwasha upya kompyuta. 4060 yenye MUX inaweza kuikaribia sana 4070 isiyo nayo kwenye gemu za ushindani. Ipo tahadhari ndogo ambayo ni vizuri kuijua: ukiwa kwenye hali ya moja kwa moja, madirisha ya kompyuta yenyewe nayo yanachukua sehemu ya VRAM ya kadi, kwa hiyo kwenye gemu inayojaza GB 8 funga kivinjari na programu nyingine kabla ya kuanza.

La pili ni upoozaji wa muda mrefu. Majaribio ya dakika mbili yanaipendelea kila mashine, kwa sababu vyuma vya kupoozea bado ni baridi. Cheza nusu saa mfululizo, chaja ikiwa imechomekwa, hali ya utendaji ikiwa juu, halafu ndipo usome namba. Weka programu ya MSI Afterburner ionyeshe kwenye kona ya skrini wati, kasi ya viini, joto na VRAM inayotumika, na usimame sehemu moja ya gemu unayoweza kuirudia. Kwenye mashine iliyopoozwa vizuri utaona wati zikitulia na kasi ikicheza ndani ya makumi machache ya megahezi. Kwenye mashine nyembamba utaona wati zikianza juu, kisha prosesa inapopata joto zinashuka, zinapanda, zinashuka tena, na fremu zinafuata mawimbi hayo. Usiishie kwenye wastani. Tazama pia ile asilimia 1 ya fremu za chini kabisa, kwa sababu wastani wa 90 ambao fremu zake za chini ni 35 unachosha macho kuliko wastani wa 75 ambao fremu zake za chini ni 60. Na usipime kwa chaja ya USB-C ya wati 100 ukitegemea matokeo kamili. Prosesa, skrini na kadi haviwezi kugawana wati 100 halafu kadi ikabaki na 100 zake.

Kabla ya kununua, tafuta kiwango cha wati kwenye ukurasa wa maelezo ya modeli husika, kikiitwa TGP au Maximum Graphics Power, na hakikisha umejua kama namba iliyoandikwa imejumuisha zile 25 za Dynamic Boost. Kama mashine ipo mbele yako, fungua NVIDIA Control Panel, nenda kwenye System Information, na utaikuta namba hiyo. Modeli moja inaweza kuwa na matoleo kadhaa, hivyo soma namba kamili ya modeli hadi herufi ya mwisho.

Nikiulizwa nichague, kwa skrini ya 1080 nachukua 4060 ya wati 100 au zaidi bila kusita. Kwa skrini ya 2560×1600 nachukua 4070 iwapo inapewa wati 100 au zaidi na bei haijazidi sana. Tofauti ya bei ikikaribia ile inayoweza kukupeleka kwenye mashine yenye kadi ya GB 12, ni bora kuendelea kukusanya fedha. 4070 ya chini ya wati 60 sipendekezi kwa gemu kwa bei yoyote inayoilinganisha na 4060 iliyopewa umeme wake. Wanaofikiria kuruka moja kwa moja hadi kizazi kilichofuata watambue kwamba hadithi ya kumbukumbu imejirudia: RTX 5060 ina viini 3,328 na RTX 5070 ina viini 4,608, kumbukumbu ni GDDR7 yenye kasi zaidi, lakini zote mbili za laptopu zilitoka mwaka 2025 zikiwa na GB 8 na njia ya biti 128, na GB 12 zilianzia RTX 5070 Ti.

Wenye mashine zenye mojawapo ya kadi hizi, naomba mchangie kwa namna itakayowasaidia wanaotafuta: andika modeli kamili ya laptopu, wati zinazoonekana kwenye NVIDIA Control Panel, wati halisi baada ya nusu saa ya gemu, rezolusheni, VRAM iliyotumika, wastani wa fremu pamoja na asilimia 1 ya chini, na neno linaloonekana kwenye PerfCap Reason. Kama uzalishaji wa fremu uliwashwa, lisemwe pia, ili namba za watu tofauti ziweze kuwekwa pamoja na kulinganishwa kwa haki.